Tumbo Lisilopona na Karatasi ya Damu

Tumbo likisumbua huku kwetu Munje, kijiji cha pwani ya Kenya, dawa ya kwanza ni ya dukani. Mtu anakoroga ile ya unga kwenye maji, anateuka, usiku huo analala, na kesho kutwa yuko pale pale. Ikishindikana anahamia kwenye omeprazole, kidonge kimoja asubuhi kabla ya chai, nacho kinamtuliza kweli. Miezi inapita. Ramadhani ikiingia na kiungulia kikazidi, anasema ni saumu. Akikonda, anasema ni jua la baharini. Mpaka kizunguzungu kimshike akiwa dikoni ndipo wenzake wanampakia kwenye bodaboda hadi hospitali ya Msambweni, na huko anatolewa damu. Karatasi inarudi, daktari anaisoma kwa haraka, na nyumbani linazuka swali ambalo nimeulizwa na vijana na wazee: mbona walichukua damu, si wangeona humo humo kama ni saratani ya tumbo?

Hapana, wasingeiona. Hakuna kipimo cha damu kinachotumika leo hospitalini ambacho peke yake kinaweza kusema mtu ana saratani ya tumbo au hana. Lakini karatasi ile ina maneno yake, na mengine ni ya maana kubwa kuliko yale watu wanayoyatafuta. Naandika haya kwa sababu saratani ya tumbo ikikutwa mapema, ikiwa bado kwenye utando wa ndani, hukatwa na wengi hupona. Ikikutwa imechelewa huwa imeshafika kwenye ini na tezi. Mwaka 2022 ilikadiriwa kuwa watu wapatao 968,000 duniani waligunduliwa kuwa nayo na karibu 660,000 walikufa kwayo. Linganisha hesabu hizo mbili utaona jinsi wengi wanavyofika wakiwa wamechelewa.

Anayeuliza habari ya damu hajakosea kufikiri. Saratani hii aghalabu huanza na mchochota, yaani ile hali ya mwili kupigana na adui ndani ya nyama zake, sehemu ikavimba, ikapata joto, ikaumia. Mwaka 1863 Rudolf Virchow, tabibu wa Ujerumani, alishaona chembe nyeupe za damu zimejaa ndani ya uvimbe wa saratani, akahisi kuna uhusiano. Kwa tumbo, uhusiano huo ulidhihirika baada ya madaktari wawili wa Australia, Robin Warren na Barry Marshall, kumtambua kijidudu Helicobacter pylori mwanzoni mwa miaka ya 1980. Marshall alifika hadi ya kumnywa kijidudu huyo mwenyewe mwaka 1984 ili athibitishe kwamba anaumiza tumbo, na wote wawili walipewa Tuzo ya Nobel mwaka 2005. Kijidudu huyu huingia mtu akiwa mtoto, hukaa tumboni miaka na miaka, na kwa baadhi ya watu hukwangua utando polepole: kwanza mchochota, kisha utando kusinyaa, kisha chembe kugeuka sura, mwisho saratani. Safari hiyo huchukua miongo. Ndiyo maana watafiti, hasa wa China, Japani na Korea Kusini, wamekuwa wakijiuliza kama mchochota huo wa muda mrefu unaweza kuonekana kwenye damu kabla saratani haijaota.

Vipimo wanavyovichunguza si vigeni, na vingi vinafanyika katika maabara zetu. Kipo cha kasi ya kuzama kwa chembe nyekundu, ambacho kwenye karatasi huandikwa ESR. Fundi wa maabara huijaza damu kwenye mrija mwembamba wa kioo, akausimamisha wima kwenye kibao, akaiacha saa nzima. Chembe nyekundu huzama chini na juu yake hubaki maji ya rangi ya manjano. Fundi hupima urefu wa maji hayo kwa milimita. Mwili ukiwa na mchochota, chembe hushikana na kuzama upesi, na namba hupanda. Kipo pia cha CRP, protini inayotengenezwa na ini na kumwagwa kwenye damu saa chache tu baada ya mwili kushambuliwa. Protini hiyo iligunduliwa mwaka 1930 katika damu ya wagonjwa wa nimonia. Na kipo cha tatu ambacho hakihitaji mashine mpya, ni hesabu tu: unachukua idadi ya nyutrofili, chembe nyeupe zinazokimbilia vita, unaigawanya kwa idadi ya limfosaiti. Zikiwa 4.2 kwa 2.1, jibu ni 2. Idadi zote mbili zimo kwenye hemogramu ya kawaida, ile ambayo huchukuliwa kwa homa yoyote. Wengine hufanya hivyo hivyo kwa chembe sahani, zinazogandisha damu.

Uwiano huo wa nyutrofili na limfosaiti umekuwa na manufaa ya kweli, ila kwa watu ambao tayari wamejulikana kuwa wana saratani ya tumbo. Kwao, uwiano ukiwa juu mara nyingi ugonjwa huwa mzito zaidi, na daktari hulitia hilo kwenye mizani anapopanga matibabu. Kumtambua mgonjwa katikati ya watu wazima wa kijiji kizima ni kazi nyingine kabisa, na hapo ndipo vipimo hivi vinapokwama.

Vinakwama kwa sababu mchochota hausemi umetoka wapi. Ni kama kilio cha usiku: kijiji kizima kinajua pana msiba, lakini kwa kukisikia kwa mbali hujui ni nyumba gani. Na mwili wa mtu wa pwani hii una nyumba nyingi za kulilia. Malaria ipo. Kichocho cha kukojoa damu kimechunguzwa na watafiti hapa Msambweni kwa miongo kadhaa kwa kuwa kimeshamiri. Matende na mabusha tunayajua, dengue na chikungunya zimepita Diani na Ukunda zaidi ya mara moja, kifua kikuu kipo. Mvuvi aliyechomwa na mwiba wa taa mguuni, kidonda kikatunga usaha, CRP yake itapanda sana na tumbo lake halina neno. Mja mzito ESR yake hupanda kwa sababu ya mimba tu. Anayetumia prednisolone kwa pumu nyutrofili zake huongezeka. Jino bovu nalo linatosha.

Tufanye hesabu, kwa namba za mfano tu. Tuseme watu wazima 1,000 wa Munje na vijiji jirani wamepimwa, na kati yao mmoja ana saratani ya tumbo. Tuseme kipimo kinawakamata wagonjwa 70 katika kila 100, na kinawaacha huru wazima 70 katika kila 100. Maana yake wazima karibu 300 wataambiwa damu yao ina shaka. Hao 300 watauza mbuzi, watapanda matatu, watavuka kwa feri ya Likoni kwenda Mombasa, watapoteza usingizi, na yule mmoja anayeumwa kweli bado ana nafasi tatu katika kumi za kuambiwa yuko salama. Kipimo cha namna hiyo si cha kumlazimisha mtu alipe kutoka mfukoni.

Tena kuna jambo la asili ambalo wanaouza vipimo hawalisemi. Watu wengi wa asili ya Kiafrika hawana alama iitwayo Duffy kwenye chembe zao nyekundu. Kukosekana kwake kunawakinga na aina moja ya malaria, ile ya vivax, na pia kunafanya nyutrofili zinazoonekana kwenye damu ziwe chache kuliko za Mzungu au Mchina, bila ya ugonjwa wowote. Sasa kama mpaka wa hatari uliwekwa kwa kupima watu wa Shanghai au Tokyo, mtu wa Munje anaweza kuonekana yuko chini ya mpaka huo na kumbe kwa mwili wake yeye namba imeshapanda.

Lakini kosa ninaloliogopa zaidi ni la upande wa pili. Mtu anapewa majibu, ESR ya kawaida, CRP ya kawaida, chembe nyeupe sawa, anapumua, anarudi kwenye omeprazole yake. Saratani changa, iliyo kwenye utando peke yake, mara nyingi haiutikisi mwili kiasi cha kuonekana kwenye damu. Hata vile vipimo viitwavyo vya saratani, CEA na CA 19-9, ambavyo hutajwa kwenye mabango ya ofa za uchunguzi wa mwili, haviwezi kuikamata mapema. Kazi yake hasa ni kumfuatilia mtu aliyekwisha kugunduliwa. Kwa hiyo, ndugu msomaji, ukiwa na dalili nitakazozitaja hapa chini, majibu mazuri ya damu yasikurudishe nyumbani.

Sasa chukua ile karatasi ya hemogramu uisome sehemu ambayo watu huiruka. Ina safu ya herufi: WBC, NEU, LYM, na wote macho huwaenda huko. Teremka mpaka HGB. Huo ndio wingi wa damu. Shirika la Afya Duniani linahesabu kuwa mwanamume mtu mzima aliye chini ya 13 ana upungufu wa damu, na mwanamke asiye mja mzito chini ya 12. Kisha angalia MCV, ukubwa wa chembe nyekundu. Ikiwa iko chini ya 80 pamoja na upungufu wa damu, mara nyingi maana yake mwili umeishiwa madini ya chuma, ingawa kuna wanaozaliwa na chembe ndogo kwa urithi. Msichana anayepata hedhi nzito huweza kuishiwa chuma kwa hiyo hedhi. Mwanamume wa miaka 50, au bibi aliyekwisha kukoma hedhi, chuma chake kinakwenda wapi? Mara nyingi kinavuja tumboni au matumboni, kidogo kidogo, bila ya kuonekana chooni. Minyoo ya safura hunyonya damu, na huku kwetu ipo, basi atibiwe. Lakini kumpa mzee huyo vidonge vya chuma na dawa ya minyoo kisha kumruhusu aende bila ya kumtazama tumbo ni kuacha kazi katikati. Pengine hili ndilo jambo moja ambalo ningependa kila nyumba ilishike: kwa mtu mzima wa umri huo, damu inayopungua bila ya sababu ya wazi ni hoja ya kupigwa kamera ya tumbo.

Zihifadhi karatasi hizo. Mashine nyingi hutoa majibu kwenye karatasi nyororo kama ya risiti, na maandishi yake hufifia yakikaa kwenye joto na jasho. Ipige picha kwa simu siku ile ile, iandike tarehe. Wingi wa damu wa 12.8 leo hauogofyi sana. Lakini kama mwaka jana ulikuwa 14.9 na mwezi wa tatu ulikuwa 13.7, daktari akiziona zote tatu kwa pamoja atafikiri tofauti. Mgonjwa anayehama kutoka zahanati hadi kliniki ya Ukunda hadi Msambweni anapimwa upya kila mahali, na kila daktari anaona namba moja tu.

Dalili ambazo hazistahili kungojwa ni hizi. Chakula kukwama au kupita kwa shida. Kushiba kwa matonge machache, kwa mtu aliyekuwa akimaliza sahani. Kupungua uzito bila ya kukusudia, hadi kanga inabidi kufungwa upya au mshipi kutobolewa tundu jingine. Kutapika mara kwa mara, na hasa kutapika damu au kitu cha rangi ya mabaki ya kahawa. Choo cheusi, kinachonata na kunuka kuliko kawaida, ilhali hutumii vidonge vya chuma, maana navyo hukitia choo weusi. Uvimbe unaoshikika juu ya kitovu. Uingereza, mtu wa miaka 55 na zaidi mwenye maumivu ya tumbo na aliyepungua uzito hupelekwa kamera kwa haraka. Mimi kwa hapa kwetu nisingengoja umri huo. Mwenye dalili kama hizo akiwa na 40 naye aende. Kutapika damu na choo cheusi ni dharura ya siku hiyo hiyo, usiku na mchana.

Niseme na upande wa pili ili nisimtie mtu hofu bure. Wengi wenye kiungulia hawana saratani. Wengi wenye Helicobacter pylori hawatakuwa nayo maisha yao yote. Afrika kijidudu huyu amejaa, na bado saratani ya tumbo inaonekana kidogo kuliko ilivyotarajiwa. Mwaka 1992 jambo hilo lilipewa jina la fumbo la Afrika, ingawa sehemu ya fumbo hilo ni kwamba wengi wetu hatupimwi.

Kamera yenyewe inaogopwa kuliko inavyostahili. Ni mpira mwembamba, mweusi, wenye taa na kamera kwenye ncha, unaopitishwa mdomoni hadi tumboni. Unafika bila ya kula tangu usiku, kwa muda usiopungua saa sita hadi nane. Kooni unapuliziwa dawa ya ganzi, na pengine unachomwa sindano ya kukusinzisha, kwa hiyo nenda na mtu wa kukurudisha na usipande bodaboda peke yako. Kazi huchukua kama robo saa. Mueleze daktari dawa zote unazotumia, hasa za kulainisha damu. Muulize pia kuhusu omeprazole: mara nyingi hutakiwa kuiacha wiki mbili kabla, kwa sababu huweza kukifunika kidonda kibaya juu juu kikaonekana kinapona, na huharibu kipimo cha kijidudu.

Baada ya kamera uliza maneno haya haya: mmechukua vipande? Jicho peke yake halitoshi kutofautisha kidonda cha kawaida na saratani. Lazima vipande kadhaa vya nyama vinyofolewe na kupelekwa kusomwa kwa darubini. Usiondoke bila ya kujua vimepelekwa maabara gani na majibu ni lini, kisha uyafuate. Na kama kidonda kimekutwa ndani ya tumbo lenyewe, si kwenye utumbo mdogo unaofuatia, uulize utarudi lini kutazamwa tena. Kwa kawaida ni baada ya wiki nane hadi kumi na mbili, kuhakikisha kimefunga kweli. Wengi hupata nafuu wasirudi, na hapo ndipo baadhi hupotea.

Kuhusu Helicobacter pylori, kipimo cha damu kinachofanywa haraka kwenye kliniki nyingi hutafuta askari ambao mwili uliwatengeneza dhidi yake. Askari hao hubaki kwenye damu hata baada ya kijidudu kufa, kwa hiyo mtu aliyetibiwa mwaka juzi anaambiwa bado anaye, anapewa dawa tena, na tena. Omba kipimo cha choo au cha pumzi. Dawa zake ni mchanganyiko wa antibayotiki na dawa ya kupunguza asidi, kwa kawaida siku 14, na zimalizwe zote hata mdomo ukiwa mchungu. Mwezi mmoja au zaidi baada ya kumaliza, upimwe choo kuona kama amekwisha. Tiba hii ina uzito: katika wilaya ya Linqu, jimbo la Shandong nchini China, watu walitibiwa kijidudu huyu kwa wiki mbili tu mwaka 1995, na walipofuatiliwa kwa miaka 22 waliopata saratani ya tumbo kati yao walikuwa kama nusu tu ya wale walioipata bila ya kutibiwa.

Chakula nacho kina sehemu yake. Ng'onda na papa wa chumvi ni chakula chetu, na simwambii mtu aviache. Chumvi nyingi ndiyo inayoukwaruza utando wa tumbo na kumpa nguvu kijidudu. Loweka samaki, mwaga maji, loweka tena, kisha usiongeze chumvi kwenye mchuzi. Shirika la Afya Duniani linashauri chumvi isizidi gramu 5 kwa siku, kama kijiko kimoja cha chai, kwa vyakula vyote pamoja. Sigara huongeza hatari, na pombe nyingi pia. Aspirini na diklofenaki za kila siku kwa ajili ya mgongo huchimba vidonda vinavyovuja damu.

Pesa ndizo zinazowakwamisha wengi, basi zisipotelee njiani. Kuna watu wanaopita na mashine ndogo ya kushika mkononi, inayodai kupima mwili mzima kwa dakika moja bila ya hata tone la damu. Haipimi chochote. Zile ofa za vipimo kumi vya saratani kwa damu zina thamani ndogo kuliko nauli ya kwenda kupigwa kamera. Tangu Oktoba 2024 SHA, bima ya afya ya serikali, imechukua nafasi ya NHIF, na usajili peke yake unakufaa kwenye zahanati na kituo cha afya. Huduma za hospitali kubwa zinataka mchango uwe umelipwa. Kwa hiyo aliye na tumbo la muda mrefu alipe kabla hajazidiwa, kisha aombe barua ya rufaa Msambweni, na ikibidi aende Hospitali Kuu ya Pwani, ile ya Makadara, ambako saratani inatibiwa pia. Siku hizi asiyetaka foleni ya feri anaweza kuzunguka kwa barabara ya Dongo Kundu.

Na kama mama, baba, kaka au dada yako aliugua saratani ya tumbo, usingoje dalili. Wewe na ndugu zako mpimwe kijidudu kwa choo, mtibiwe wote mlio naye, na umueleze daktari umri wa jamaa yako alipougua, kwa sababu kama alikuwa kijana, chini ya miaka 50, kamera inaweza kuwa na haja hata kwako wewe usiyeumwa.